Kipindi cha Papa Manjanja

Kabla ya kugombea ubunge wa jimbo, Moustapha Sumaili alijulikana Lubumbashi nzima kwa kulia. Alikuwa mfanyabiashara wa mabati, ambayo watu wa hapa huyaita manjanja, na kila Jumapili jioni televisheni ilimwonyesha akiezeka bure nyumba ya familia isiyojiweza. Mwishoni mwenye nyumba alilia, Moustapha naye akalia, na kamera ikamsogelea usoni. Watu wakamwita Papa Manjanja, yaani Baba Mabati. Kwenye harusi alialikwa ili aonekane tu.

Siku moja kipindi kilirushwa moja kwa moja kutoka mtaa wa Ruashi, kwa Mama Germaine, mjane wa mchimbaji. Bati la mwisho lilipopigiliwa, mtangazaji Plamedie alimsogezea mjane maikrofoni na kungoja. Mama Germaine alitazama juu, akashukuru kwa macho makavu.

"Mama, usijikaze," Plamedie alimhimiza. "Lia tu."

"Nilisha kulia siku bwana yangu alikufa. Manjanja haiko maiti."

Majirani wakaangua kicheko. Moustapha, aliyekuwa ameshatoa leso, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kipande hicho kilizunguka kwenye simu za watu hadi Kinsevere na Kolwezi. Juma lile lile wakubwa wa chama walimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Golf, wakamwambia kwamba mtu anayependwa hivi hawezi kushindwa. Akakubali kugombea. Wakataka picha ya kwanza ya kampeni apigwe pamoja na Mama Germaine.

Moustapha alikwenda peke yake kumwomba.

"Nisimame nawe kwa picha sababu ya nini?" Mama Germaine aliuliza.

"Sababu ya hii nyumba, mama."

"Ilikuwa zawadi ao ilikuwa bei? Kama ilikuwa bei, ungeniambia mbele ya kupanda kule juu."

Moustapha aliona aibu, na hasira kidogo, kwa kuwa alikuwa amezoea kushukuriwa. Mama Germaine hakumfukuza. Alimpeleka nje akamwonyesha mfereji ulioziba.

"Paa iko muzuri, papa. Lakini mvua ikinyesha, maji inaingia chini. Barabara yote."

Mfereji huo Moustapha aliujua. Siku ya kipindi aliuruka kwa viatu vyake vyeupe, na mpiga picha akainua kamera ili usionekane.

Siku ya kutangaza ugombea wake studioni, Plamedie alimwandalia muziki wa huzuni. Moustapha hakulia. Alieleza habari za mifereji ya Ruashi, polepole, akirudia maneno, mpaka Plamedie akamkatisha kwa tangazo la sabuni.

"Patron," mkubwa mmoja wa chama alimnong'oneza wakitoka, "bantu banakupenda sababu unalia. Mambo ya matope utaacha."

Hakuacha, na alishinda kwa kura chache. Waliompigia, walipoulizwa sababu, walitaja manjanja na machozi. Mama Germaine alikataa kusema alimpigia nani.

Kipindi kilikufa. Mvua za mwaka uliofuata ziliikuta kazi ya mfereji ambayo Moustapha aliianzisha imefika nusu ya barabara. Wale wa nusu ya pili walimsimamisha Moustapha, wakamuuliza kwa sauti kubwa kwa nini wao wameachwa. Alisimama kwenye matope akawajibu, mara nyingine vibaya, lakini hakuondoka mpaka wa mwisho aliponyamaza.