Nukta Yenye Mkia

Baba alirudisha nukta nyekundu, kile kioo cha bunduki chenye kitone cha taa cha kulengea, kwa mara ya tatu siku ya Jumamosi asubuhi, wakati ambao duka la bunduki la Lyle Haskew hujaa wanaume wasionunua kitu. Nafanya kazi hapo, na nilikuwa nyuma ya kaunta nikipanga donati kwenye sinia. Nilipoona lori letu limesimama mlangoni, uso uliniwaka moto kabla baba hajashuka.

Nguruwe mwitu wakiingia shamba la karanga usiku, asubuhi unakuta matuta yamefukuliwa kana kwamba trekta limepita. Kwa hiyo wakulima wa kwetu humwita baba yangu, Weldon Pruitt, naye huenda na bunduki yake fupi na kulala shambani mpaka amalize. Kazi ndiyo hiyo, na sifa ndiyo hiyo. Hakuna mtu katika kaunti yetu aliyewahi kusema Weldon amekosa.

Mwaka huu alikuwa akikosa.

Mimi sina elimu kubwa. Mama alinifundisha nyumbani, na alipougua masomo yakaishia hapo, nikabaki na darasa la mtu aliyemaliza shule ya msingi. Lakini kutazama naweza. Nilikuwa nimemwona baba akinipa chupa ya dawa ya ng'ombe nimsomee kipimo, akisema mikono yake ina grisi, na mikono ilikuwa safi. Nilimwona barazani akikifuta kile kioo kidogo kwa shati, analenga, anafuta tena, anatukana. Mchana mmoja alipolala, nilihakikisha bunduki haina risasi, nikaiinua, nikaangalia ndani ya kioo. Nukta ilikuwa mviringo, nzuri, kama kichwa cha pini. Nikairudisha mahali pake, nikaenda kuosha vyombo. 

Sasa aliingia dukani ameikumbatia bunduki kama mtoto mgonjwa.

"Lyle! Na hii nayo ni takataka."

"Asubuhi njema na wewe, Weldon," Lyle akasema. "Donati?"

"Sikuja kula."

Rusty Bohannon, ambaye hucheka kabla ya mzaha wake mwenyewe, akasema, "Mzee Weldon, labda nguruwe wa siku hizi wamejifunza kukwepa!"

Wakacheka. Baba hakucheka. Lyle alichomoa magazini, akafungua chemba, akaingiza kidole kuhakikisha, kisha akailaza bunduki kwenye zulia la kaunta. Akaitazama na kukunja uso.

"Mbona nukta umeifunga huku mbele? Hii ni reli ya kikinga mkono, bwana, lile ganda la kushikia mtutu. Imeshikwa nyuma tu, huku mbele inaning'inia. Ukiiegemeza dirishani mwa lori inapinda kidogo, na nukta inakwenda nayo. Kioo kinakaa hapa, juu ya mwili wa bunduki. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo!"

"Nimeisogeza mbele kwa sababu ikiwa karibu inameremeta kama fataki. Ina mkia, Lyle. Zote tatu zina mkia."

 Lyle akanitazama mimi, mara moja tu, halafu akatazama sinia la donati. Hapo nikajua kwamba Lyle anajua, na kwamba amekuwa akijua tangu ile ya kwanza.

"Raelynn," akaniambia polepole, "mtolee baba yako nyingine."

"Sitaki nyingine!" Baba akapiga kaunta. "Watu wa mjini, wa Dallas, wanakuja hapa unawapa vitu vizima, mimi unanipa mabaki. Miaka yote hii! Unaniibia, Lyle, na leo nataka hawa waone."

 Lyle Haskew alilibeba jeneza la mama yangu begani. Alisimama pale, masikio yamemwiva, na bado hakusema kitu, maana kusema kungekuwa kumvua baba nguo mbele ya watu. Heshima ya mmoja wao ilikuwa inaanguka, ya Lyle au ya baba, na mtu pekee aliyeweza kulizuia hilo ni mimi.

"Baba," nikasema, "njoo nje kidogo, nina neno."

"Neno gani? Liseme hapa."

  Nikaanza kufuta kaunta iliyokuwa imeshafutwa.

Baba akampa Rusty bunduki. Rusty akaielekeza kwenye pipa la mchanga tunalotumia kulengea bunduki dukani kwa usalama, akafumba jicho moja.

"Naona nukta."

"Ina mkia?"

"Mkia gani, mzee?"

"Mkia, wewe! Kama nyota inayoanguka!"

"Sioni mkia." Rusty akageuka. "Lyle, hii si kama ile uliyoniuzia kwa bei ya chini, ukasema ilirudishwa? Ile mbona nimeulia nguruwe mwezi mzima..."

"Nyamaza, Rusty," Lyle akasema.

Lakini baba alikuwa amesikia. Akamnyang'anya Rusty bunduki, akampa Alvin Hruska, mwenye shamba kubwa la karanga huku kwetu, ambaye ndiye humwita baba kuliko mtu yeyote. Alvin alikuwa na sukari ya donati kwenye masharubu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaishusha taratibu mno.

"Mviringo, Weldon," akasema. "Mviringo kabisa."

Baba akaichukua mwenyewe. Akalenga pipa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaipindua bunduki ubavu, kioo kikalala, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa. Kama mkia ungekuwa wa kioo, ungelala pamoja nacho. Akairudisha wima. Akaipindua tena.

"Haugeuki," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Naigeuza, wenyewe unabaki palepale."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Rusty alitazama viatu vyake, na baba akaiweka bunduki juu ya zulia, akatoka nje.

Nilimkuta ndani ya lori, upande wa abiria, mahali ninapokaa mimi.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ukaniacha nimwite Lyle mwizi."

Niliinamisha kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba nilinyamaza ili nisimwaibishe, lakini hata mimi niliona jinsi maneno hayo yalivyokuwa yameoza. Aibu niliyomkinga nayo barazani, akiwa na mimi peke yangu, nilikuwa nimeitunza ikakua, mpaka ikamkuta mbele ya watu wote wanaomheshimu.

 Baba akafungua mlango wa lori, akarudi dukani bila kunisubiri.

"Lyle," akasema akiwa bado mlangoni, kofia mkononi. "Nimekutukana. Vioo vyako ni vizima. Jicho ndilo bovu."

"Jicho limepinda kidogo tu, Weldon, ndiyo maana taa inavuta mkia. Wapo wengi. Daktari atakupimia miwani."

"Mpaka hapo, una nini kinachomfaa mtu wa namna yangu?"

Lyle akatoa kabatini kidarubini kifupi, kinene. Akamweleza kwamba hicho hakirushi nukta ya taa. Alama yake ni mstari uliochorwa kwenye kioo chenyewe, na nyuma kuna pete ya kuzungusha mpaka jicho liione vizuri. "Ila hiki hakivumilii umbali. Lazima kikae nyuma, karibu na jicho. Ile reli ya mbele uisahau. Na nitakuwekea kishikio kirefu cha kukiinua juu, vinginevyo utakuwa unakitazama kile chuma cha kulengea cha mbele badala ya nguruwe."

Baba alizungusha pete. Alizungusha, akaacha, akazungusha.

"Naona mstari," akasema.

Alvin Hruska alikuwa amevaa kofia yake tayari. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyesahau kitu, na nikaomba Mungu aende bila kusema. Hakwenda.

"Weldon, unajua ng'ombe wangu wamekaa karibu na zile karanga. Usiku wa leo... nitamchukua Rusty. Mpaka hiyo miwani, unanielewa."

"Nakuelewa," baba akasema. Hakuondoa jicho kwenye kioo.

Rusty aliiva kuliko nyanya. "Mzee, mimi hata njia za hao nguruwe sizijui. Itabidi uje unionyeshe."

"Nitakuja. Lori uendeshe wewe."

Hapo wakacheka wote, kicheko kikubwa cha watu waliofunguliwa, hata Lyle. Baba hakucheka. Alimwomba Lyle ufunguo wa skrubu, akaanza kukifungua kila kitu alichokuwa amekifunga kule mbele, nami nikashika mtutu usitikisike, nikitazama mikono yake, kwa sababu usoni sikuweza kumtazama.