Kitufe cha Redio

"Ukikibonyeza unasema, ukikiachia unasikia. Mmoja mmoja, jamani. Nimemaliza, ova."

Lutengano aliweka maikrofoni mezani. Miaka kumi na mmoja alikuwa mwendesha simu wa kampuni ya mpunga pale Mlandege, mjini Iringa, katika chumba kisicho na dirisha, akichomeka na kuchomoa nyaya mpaka vidole vikaota sugu. Sasa kampuni ilitaka kuunganisha maghala yake ya Mbeya na Madibira.

"Niandikie ushauri," meneja, Bwana Edmund, alikuwa amemwambia. "Tuvute nyaya za simu au tununue redio? Redio haihitaji opareta. Tukiichukua, nakuhamishia Mbeya, ukarani."

Mbeya ndiko alikokuwa mkewe, Lea. Tena nguzo za simu zingeliwa na mchwa. Barua ya kusifu redio ilikwisha kuandikwa, ilibaki sahihi.

Asubuhi hiyo ya majaribio, Yotamu wa ghala la Mbeya alimwita redioni Masunga wa ghala la Madibira.

"Umeamkaje, ndugu yangu? Watoto je? Ng'ombe? Yule dume aliyevunjika pembe? Na mama mkwe, maumivu ya miguu yamemwachia?"

Muungwana hamalizi salamu kwa pumzi moja. Kidole cha Yotamu hakikubanduka kwenye kitufe. Chini ya sauti yake, sikio la Lutengano lilinasa vipande vya sauti nyingine: "...maji... mlangoni... leta lori..."

"Yotamu, achia!" alipiga kelele. Lakini aliyebonyeza hasikii.

Yotamu alipoachia, mpunga wa Madibira ulikuwa umeshalowa.

"Mbona hukusema?"

"Nimesema tangu ulipoanza na ng'ombe, wewe! Ulipofika kwa mama mkwe nilikuwa nimesimama majini!"

Lutengano aliivuta barua yake. Kisha akaongeza mstari: *Redio. Ila lazima awepo mtu mmoja wa kugawa zamu, mwenye sikio lililozoea.* Akatia sahihi.

Bwana Edmund alisoma, akavua miwani. "Na mtu huyo ni nani, Lutengano, kama si wewe? Basi utabaki hapa Iringa."

Jioni Lutengano alivaa visikizi vyake masikioni. Yotamu alikuwa amemaliza taarifa yake, ila alisahau kukiachia kitufe. Hakukuwa na neno, ila mvua iliyokuwa ikipiga mabati ya Mbeya, aliko Lea. Lutengano alifumba macho, mkono ukiwa karibu na maikrofoni, akaiacha inyeshe.