Meno Mawili

Mama yake alikwisha kumwambia aiache pikipiki na kelele zake, lakini Callixte alikuwa fundi, na fundi hasikii la mtu. Mnyororo wa ndani ya injini ulikuwa ukilia kwa miezi, naye aliogopa ungekatika njiani akiwa amempakia mama. Basi asubuhi hiyo, milio ya bunduki ikiwa bado mbali, nyuma ya kijiji cha Karuba, akafunga mpya. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia mjini Sake kwa lori, na pikipiki nyingine zote zilikuwa zimeondoka. Mama yake, Thacienne, hakuwa na miguu ya kutembea tena.

Alama za gia za mnyororo huo alizilinganisha vizuri. Alichosahau, heri angesahau jina lake, ni kuizungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha. Mkono ungehisi kitu kinagonga. Badala yake akafanya kama wote wa huku milimani: akaipanda, akaiachia mteremkoni, akatia gia. Injini ikakohoa, ikagonga kwa kishindo, ikanyamaza.

Bondeni akaifungua. Kumbe alipokaza mnyororo, gia ya juu, ile inayofungua vali, ilikuwa imeruka meno mawili. Akayarudisha, akakanyaga kiki. Ikashuka laini kama mguu unaozama topeni. Hapo akajua kwamba vali zilikuwa zimegonga pistoni na kupinda, na vali nyingine ziko Goma. Moyo ukamwisha.

Akapanda nyumbani kumchukua mama, akateremka amembeba mgongoni. Milio ilikuwa imesogea. Walipofika kwenye pikipiki mgongo wake ulikuwa hoi, na kilima cha Mushaki kilikuwa bado mbele yao. Mama akaomba apumzike kidogo kwenye kiti. Callixte akamkalisha, na alipotaka kumbeba tena, mama akashika usukani kwa mikono miwili.

“Na ile kelele yake ingetufikisha,” alisema, bila hasira. Kisha akasema, “Enda, mutoto wangu. Watoto yako iko ku Sake. Miye njo nitabaki. Watu wakipita watasema huyu mumama anangojea fundi.”

Callixte alimbembeleza, akamlilia, akajilaani. Mikono ya mama haikulegea. Mwishowe akarudi kwenye kiki, akaikanyaga, akaikanyaga tena, naye akijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba haitawaka.