Wa Kumi na Mbili

Mwalimu wa riadha, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Nyundo, alikuwa na wasichana kumi na mmoja. Asubuhi ile ukungu ulitanda, naye akasimama kwenye kona ya uwanja wa shule akiwafokea na kuwahesabu kwa vishindo vya viatu. Wakapita wote kumi na mmoja. Kisha akapita mwingine, peke yake, akihema kwa shida.

"Kaza mwendo, mvivu wee!" akafoka, kama ilivyo ada yake.

Mara akakumbuka. Maneno hayohayo alimtupia binti mmoja mwaka uliopita, mzunguko mmoja kabla hajaanguka asiinuke tena. Hakujua kwamba binti yule alikuwa na moyo mgonjwa, maana hakuwahi kumuuliza hali.

Akapuliza filimbi. Wasichana wakaja, kumi na mmoja tu.

"Nani alikuwa nyuma yenu?"

Wakatazamana. Nahodha wao akajibu kwa sauti ya chini, "Ni yeye, mwalimu. Huja kila ukianza kufoka. Tuliogopa kukwambia."

"Mlimwogopa yeye?"

"Hapana, mwalimu. Wewe."

Nyundo akaketi kwenye majani yaliyolowa umande. Akamuuliza kila mmoja amelalaje, amekula nini, anaumwa wapi. Walianza kwa kubabaika, kisha wakafunguka. Kule kwenye ukungu vishindo vilikuwa bado vinazunguka uwanja, ila sasa polepole, kama vya mtu anayetembea kupoza mwili baada ya mbio.