Mlango Uliogeuzwa Kuelekea Menengai

Milcah alikuwa amefagia kanisa la mabati la Nakuru kwa miaka saba, na hapakuwa na mtu aliyelijua vumbi la ziwa kumshinda. Miaka ile ya hamsini ziwa lilikauka hata watu wakalikanyaga kwa miguu, na kila alasiri upepo uliinua magadi meupe ukayamwaga mjini kama unga. Kila Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza, Milcah aliyatoa kanisani kwa ndoo.

Kwa hiyo siku mumewe Obura, fundi wa mawe, alipompeleka kuona kuta za kanisa jipya, Milcah alishika kiuno.

“Baba Akeyo, mlango mkubwa ndio huu? Unaangalia ziwa?”

“Ndivyo ramani inavyosema. Watu wakitoka misa waone maji.”

“Maji gani?”

Obura alicheka, akaokota nyundo yake. Safu tano za mawe zilikuwa zimesimama kila upande wa mlango huo, na kila jiwe alikuwa amelichonga kwa mkono wake.

Milcah akamwendea Fadha Malaki, padri wao. Fadha alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho. “Vumbi litafagiwa, Milcah. Si wewe upo?”

Neno hilo lilimchoma. Jumamosi upepo ulivuma vibaya, na Jumapili Milcah akavaa kitambaa chake kizuri, akaja na kuketi kama waumini wengine. Hakugusa ufagio. Watu walipiga magoti wakainuka na magoti meupe. Kwaya ilikohoa wimbo mzima. Fadha mwenyewe alipiga chafya mara tatu katikati ya mahubiri, na kanzu yake ikaburura mstari vumbini hadi altareni.

Baada ya misa akamwita. “Milcah, unaumwa?”

“Siumwi, Fadha. Nimekuacha uone. Na hapa mlango ni mdogo. Ule mpya hata lori litapita.”

Fadha alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi, kisha akacheka mpaka akapiga chafya tena.

Jumatatu amri ikatoka: mlango ugeuzwe upande wa mlima Menengai, uipe ziwa mgongo. Obura akabomoa safu zake zote tano. Siku mbili hakumsemesha mkewe. Alikula, akashukuru ukuta, akalala.

Siku ya tatu Milcah alimpelekea chakula kazini. Alimkuta amechuchumaa peke yake, anabandua saruji iliyogandamana kwenye mawe ili yatumike tena. Milcah alikunja mikono ya gauni, akatafuta nyundo ndogo, akachuchumaa karibu naye, akaanza kubandua.

“Utalivunja hilo,” Obura akasema mwishowe.

“Basi nionyeshe.”

Akaushika mkono wake, akamwonyesha pa kugonga. Saruji ikaanguka kipande kizima.

“Ningekusikia siku ile,” Obura akasema, “ningeokoa wiki tatu.”

“Mawe ulikuwa umeyachonga vizuri sana. Nani angependa kusikia?”

Waligonga mpaka jua likageuka. Mawe yote yakapata nafasi upande wa pili, ila moja ambalo Milcah alilivunja kweli.

Kanisa lilipobarikiwa mwaka uliofuata, wawili hao walisimama nje baada ya misa, mlima mbele yao, watu wakiwapita kwa salamu. Obura alikohoa kidogo.

“Mama Akeyo, mwezi ujao nikipata likizo nitaanza msingi wa nyumba yetu kule nyumbani.”

“Vyema.”

“Twende pamoja. Unionyeshe mlango uangalie wapi.”