Manyoya ya Jaji

Mtoto wa mbwa aliwasili Myamba kwa basi, ndani ya boksi la sabuni ambalo Rodgers aliliandika kwa kalamu nene: JUU NI HUKU. Utingo aliliweka kichwa chini. Koleta alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa cheti, akaligeuza, na kichwa kidogo chenye manyoya meupe ya kujisokota kikachomoza na kumtazama kwa ukali wa mahakama. Papo hapo akamwita Jaji.

"Ni chotara, mama," Rodgers alieleza kwa simu kutoka Dar. "Mama yake ni nusu pudo, wale mbwa wadogo wa manyoya ya kujisokota, nusu labrado, wale wakubwa. Baba yake pudo mtupu. Kwa hiyo huyo ni pudo robo tatu. Atakuwa kama paka aliyeshiba, basi. Na manyoya hayapukutiki, Agape hatabanwa kifua. Pasaka tunakuja, tunalala hapo hapo nyumbani."

Baada ya neno "tunalala" Koleta hakusikia tena habari za mbwa. Mjukuu wake Agape ana pumu. Mara ya mwisho alipolala Myamba alikuwa hajajua kutembea, na manyoya ya mbwa wa zamani yalimpeleka hospitali. Mbwa yule alishakufa kwa uzee. Vitanda vya wageni vilibaki vimetandikwa.

Hesabu ya robo tatu ilimwingia vizuri. Myamba wanafuga ng'ombe chotara tangu zamani: unapandisha mara moja, unarudia, na ndama anatoka baba mtupu. Hata jirani yake Nathanaeli, mwenye ng'ombe wa maziwa wa kujivunia, alitoa tamko akiwa ameegemea uzio: "Robo tatu haina ubishi, Mama Rodgers."

Jaji hakuwa na habari na tamko hilo. Alikula, akakua. Alimpita paka, akampita mbuzi, na hakuonyesha dalili ya kutosheka. Kisha yale manyoya laini ya utotoni yakaanza kumtoka, yakaota mengine, marefu, yaliyonyooka, ambayo hayakupenda kukaa mahali pamoja. Koleta aliyakuta kwenye mto, kwenye kitabu cha nyimbo, na siku moja ndani ya chai.

"Mama Rodgers," Nathanaeli aliita, "paka wako leo kanisalimia begani!"

"Si ulisema robo tatu haina ubishi?"

"Nilisemea ng'ombe. Ng'ombe wanajua hesabu."

Rodgers alipiga simu. "Shikamoo mama. Jaji anapukutisha?"

"Marahaba. Hata unyoya mmoja," Koleta alijibu, huku akiondoa mmoja ulimini.

Ukungu ukishuka jioni, alikuwa akimsomea Jaji kesi za siku: kuku aliyetaga kwa jirani, kwaya iliyoimba bila kumngoja. Jaji alisikiliza zote, akaweka kichwa juu ya miguu ya Koleta, na kesi ikaahirishwa. Nyumba ina vyumba vinne. Wao walitumia kimoja.

Wiki ya Pasaka Nathanaeli alileta ushauri. Alikuwa na mpwa wake, Zebedayo, mfuga mbuzi kule bondeni, aliyetaka mbwa mkubwa. "Mpeleke. Fua mapazia, fagia. Nani atajua?"

Koleta akachukua kamba. Jaji alidhani ni matembezi, akaishika ncha ya pili kwa meno yake mwenyewe, akatangulia getini akijitingisha. Hapo Koleta akasimama. Manyoya yalishaingia hadi ndani ya magodoro. Fagio lingeficha aibu yake tu, kisha uongo wake ungemwingia mtoto kifuani. Na Pasaka ina Jumatatu yake, na Jumatatu watu wa Dar hupanda basi, nyumba ikabaki tupu.

Akapiga simu palepale, akakiri yote.

"Ni mkubwa kiasi gani?" Rodgers aliuliza.

"Akiketi chini, meza anaiona yote."

Rodgers alikata, akaenda kusoma mambo aliyopaswa kuyasoma kabla ya kununua, kisha akapiga tena kwa sauti ya mtu anayesoma risala. "Mama, pudo wana saizi. Kuna wa kubeba kwapani na kuna wa kufika kiunoni. Sikuuliza baba yake ni yupi. Halafu manyoya ya utotoni siyo ya ukubwani. Na hata hao wa robo tatu, watoto wa tumbo moja wanatofautiana. Mmoja anachukua upande wa pudo, mwingine wa labrado."

"Hilo ungeniuliza mimi," Koleta alisema. "Nilizaa watatu. Anayepiga simu ni mmoja."

Pasaka ilipofika, Rodgers na familia yake wakalala gesti, Same mjini.

Koleta aliteremka Jumapili baada ya ibada, amevaa kitenge alichokianua kambani asubuhi ile, nacho tayari kimeshika manyoya mawili. Wakaketi uani kwa gesti. Mama yake Agape alisogeza kiti cha mtoto hadi mwisho wa meza, kwa adabu, akiomba radhi kwa macho. Soda zikaletwa.

"Shikamoo bibi," Agape aliita kutoka huko.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Jaji ni mkubwa kama nani?"

"Kama wewe."

"Hapana!" Agape akasimama wima, kidevu juu. "Nipime!"

Koleta aliinuka nusu, akakumbuka, akaketi. Akanyoosha kiganja hewani, akafumba jicho moja, akakiteremsha polepole hadi kikalingana na kichwa cha mtoto kule mbali.

"Hapo," alisema.

Jioni alifungua mlango wa nyumba iliyojaa ukungu na harufu ya mbwa. Hakuwasha taa. Alisimama katikati ya sebule, akanyoosha kiganja, akakiteremsha hadi pale pale alipokikumbuka.

Jaji akaja, akaingiza kichwa chake chini ya kiganja. Kilitosha.