Kiu ya Bilinganya

Miche ya bilinganya ilikuwa imelala kwenye trei, majani yamenyong'onyea, na udongo wake umelowa chepechepe. Fundi alichomeka kidole, akakitoa na tope. Akajaribu trei ya pili, nayo vivyo hivyo. Alikuwa ametoka ndani na hasira zake, tayari kusema kwamba mdogo wake hamwagilii, na sasa hasira zikakosa pa kushika.

Dada huyu walimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake pale barazani. Mdogo wake aliitwa Chiriku tangu utotoni, kwa jinsi alivyopiga domo mpaka mama yao akamwomba aupumzishe ulimi walau wakati wa kula. Siku hizi Chiriku hakuwa na neno. Ndugu hao waliishi katika nyumba aliyowaachia mama, wanapishana mlangoni kama wapangaji, wala hawasemezani.

Ugomvi ulianzia kwenye sufuria. Chiriku aliiunguza, Fundi akasema, Chiriku akajibu, na maneno ya miaka yote yakapata mlango wa kutokea. Sufuria yenyewe, masikini, haikuwa na hatia. Kabla hawajapatana, mama akashikwa na tumbo la kuhara. Muuguzi akawaelekeza kumpa maji yaliyochanganywa sukari na chumvi kidogo, wakamuuguza kwa zamu bila kutazamana: Fundi mchana, Chiriku usiku. Asubuhi ya mwisho mama alimshika Fundi mkono, akasema, "Nina kiu, mwanangu. Maji haya hayafiki." Hakuiona jioni. Na Fundi, mbele ya waombolezaji, akamgeukia mdogo wake: "Umemwacha mama yetu afe na kiu."

Chiriku aliapa kwamba alimnywesha usiku kucha. Nani angemsikiliza?

Mbegu hizi zilikuwa za mwisho. Mama alizitoa kwenye bilinganya zake mwenyewe, akazianika, akazifunga kitambaani, na aina ile sokoni ilishatoweka. Miche ikifa, basi tena. Ndiyo maana waliipanda wote wawili, midomo imefungwa, na zamu za ugonjwa zikawa zamu za kitalu: Fundi asubuhi, Chiriku jioni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Fundi alijisemea. Akabeba trei moja kuelekea kwa muuza mbegu, akiamini kabisa kwamba ataambiwa miche imetiliwa kitu. Alipogeuka njiani akamwona Chiriku anamfuata kwa mbali, uso umevimba kwa kulia. Hakumfukuza, wala hakumngoja.

"Shikamoo, mzee," Fundi akamwamkia muuza mbegu, Chiriku amesimama nyuma yake.

"Marahaba, wanangu. Mgonjwa wetu huyo?"

Muuza mbegu akaigeuza trei kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na ukoko mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akaugusisha ulimi, akatema.

"Mbolea anatia nani?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

Lilikuwa neno la kwanza kulisema pamoja tangu msiba. Fundi akageuka kumtazama mdogo wake, kisha akamgeukia mzee upesi. "Natia kila asubuhi, kwenye maji. Huyu hajali mambo hayo."

"Mimi kila jioni," Chiriku akamwambia mzee. "Yeye anamwaga maji tu, anaenda kushona."

"Hamkuulizana?"

Mzee akapangusa ulimi kwa leso.

"Ukikata bilinganya vipande ukavinyunyizia chumvi, inakuwaje?"

"Vinatoa maji," akasema Fundi.

"Na vinalegea. Mmea wote ni vijumba vidogo vidogo, huwezi kuviona kwa macho. Ndizo seli. Kila kijumba kina utando unaopitisha maji lakini chumvi unaizuia. Maji yenyewe hufuata kule kuliko na chumvi nyingi. Udongo ukiwa salama, chumvi ya ndani ya mzizi ndiyo nyingi, basi maji yanaingia mzizini, vijumba vinajaa, jani linasimama. Ninyi mmeujaza udongo mbolea ya chumvichumvi, kwa hiyo maji yanatoka kwenye mzizi yanarudi udongoni. Mkaona imenyauka, mkadhani ina njaa, mkaongeza." Akairudisha trei. "Imezama kwenye maji na bado ina kiu. Kaisuuzeni kwa maji matupu, mengi, yapite chini yamwagike. Itakayoamka itaamka."

Walirudi bega kwa bega, si kwa mapenzi, bali kwa haraka. Chiriku akateka, Fundi akamwagilia, na maji ya rangi ya chai yakachuruzika chini ya trei. Kazi ilikwenda vizuri. Ila yale maneno ya mzee hayakumtoka Fundi kichwani. Imezama kwenye maji na bado ina kiu. Akaiweka ndoo chini.

Alikumbuka jagi la bluu kando ya kitanda. Kila asubuhi alilikuta limejaa, na kila asubuhi alikoroga ndani yake chumvi ya muuguzi, kwa kudhani Chiriku, kwa uzembe wake, amejaza maji matupu. Kuuliza si ujinga, lakini yeye alikuwa amenuna.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua, na lawama zilishapata mwenyewe. Aliogopa sana.

"Chiriku."

Mdogo wake akashtuka kusikia jina lake.

"Lile jagi la mama. Ulikuwa unatia chumvi?"

"Kila nilipolijaza. Nilijua wewe hutii. Kwa nini?"

"Nilikuwa natia na mimi. Juu ya yako."

Chiriku akamgeukia. "Hukuonja?"

"Sikuonja. Na wewe jioni, ulipokuta limebaki nusu?"

Chiriku akakaa chini kwenye tope, na nguo yake safi, akafunika uso. "Niliongeza maji, nikatia," akasema ndani ya viganja. "Alikuwa anakunja uso, dada. Nikamwambia anywe tu, ni dawa."

Fundi akakaa kando yake. Kama ni jagi, kama ni ugonjwa wenyewe, hapakuwa na wa kuwaamulia. Alilia, na kwa mara ya kwanza hakumlilia mama peke yake.

Trei mbili zilikuwa bado. Chiriku aliinuka, akateka ndoo nyingine, akaileta. Kabla ya kuimimina alichovya kidole, akaonja. Kisha akamsogezea dada yake.

Fundi naye akaonja. Yalikuwa maji matupu.

"Mimina," akasema.